Doa la Dari

Maji ni rafiki mkubwa wa nyumba, na tena ni adui yake mkubwa. Hapana nyumba ya mawe iliyojengwa bila ya maji: chokaa huzimwa kwa maji, udongo hukandwa kwa maji, na mwashi juani hunywa maji ndipo mkono wake upate nguvu ya kuinua mwiko. Walakini nyumba ikisha kusimama, kazi ya paa lake na milizamu yake ni kuyazuia maji yale yale yaliyoijenga. Moto ukiingia nyumbani watu hupiga ukelele, na majirani huja mbio na ndoo. Maji huingia kimya. Hayana moshi wala mwako; huacha doa dogo darini, rangi yake kama ya chai iliyomwagika, na mwenye nyumba hulitazama akasema moyoni kwamba atalishughulikia kesho. Katika insha hii nimekusudia kulizungumza doa hilo. Sitalizungumza kwa ufundi tu, ingawa ufundi hauepukiki. Nataka kuuliza swali la mwenendo: mtu alionaye doa la maji katika nyumba yake akalifunika, amefanya kosa gani, na amemkosa nani?

Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumefundishwa sote tangu utotoni, na yamkini ndiyo sababu hatuitazami tena. Neno "kuziba" lina nyuso mbili. Kuna kuziba kwa kuponya, na kuna kuziba kwa kuficha. Tabibu huziba jeraha baada ya kulisafisha. Mtu mwenye haya huziba jeraha lake kwa nguo ili lisionekane, na usaha ukaendelea kula nyama chini ya nguo. Kwa macho ya mpita njia, watu hawa wawili wamefanya jambo moja. Methali haikutuambia ni kuziba kupi kunakookoa ukuta. Ilituachia akili zetu tuamue. Mimi niliamua vibaya. Niliziba ufa kwa mikono yangu, na kitu kilichoanguka kilianguka kwa sababu ya kuziba kwangu. Kwa hiyo sisemi hapa kama mwalimu juu ya mimbari, bali kama mtu aliyelipa ada ya somo, na sehemu kubwa ya ada hiyo ikatoka kwa mwingine.

Yafaa kwanza niieleze nyumba yenyewe, maana nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zina tabia zao kama watu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na unene wake huwa nusu mita au zaidi. Sakafu za ghorofani hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa mti wa mkoko una urefu wake na hauwezi kubeba mzigo ukiwa mrefu mno, vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba. Upana wake aghalabu haupiti mita 3 hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa na kokoto, likapondwa kwa siku nyingi mpaka likawa gumu. Basi dari ya mtu wa chini ni sakafu ya mtu wa juu, na ni kitu kizito sana. Aketiye chini ameketi chini ya mawe, na amani yake yategemea ncha za miti zilizochomekwa ukutani, mahali ambapo jicho halifiki.

Chokaa nayo ina siri ambayo wazee waashi waliijua kwa mikono kabla haijaandikwa vitabuni. Jiwe la matumbawe huchomwa motoni, likawa chokaa. Chokaa huzimwa kwa maji, ikawa kama uji. Kisha ikipakwa ukutani huvuta hewa kidogo kidogo na kugeuka tena kuwa jiwe la jinsi ile ile iliyotoka baharini. Ukuta wa chokaa haukatai maji kabisa. Hunywa unyevu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Jua likirudi, hutoa kwa hewa kile ulichokinywa. Watu husema kwamba ukuta huo wapumua. Saruji ya siku hizi ina tabia nyingine. Ni ngumu, ina haraka, na inapendeza macho. Lakini ikipakwa juu ya ukuta wa chokaa huuziba pumzi. Maji yaliyokwisha kuingia ndani hayapati mlango wa kutokea. Chumvi iliyomo katika mawe ya pwani huyeyuka, kisha huganda nyuma ya lipu na kuisukuma; mti uliofungiwa katika unyevu huoza, na mchwa hupenda mti uliolowa kuliko mti mkavu. Uso wa ukuta huwa mzuri kwa mwaka mmoja au miwili, na ndani yake hufa.

Mimi nilikuwa nikiishi ghorofa ya juu ya nyumba tuliyoachiwa na baba yetu. Chumba cha chini tulikipangisha. Mwaka 2015 mpangaji mmoja alihama, na nilipoingia kukitazama chumba niliona doa darini, pembeni, karibu na ukuta. Lilikuwa na upana wa sinia. Pembezoni mwake paliota koga jeusi, na palipokuwa katikati, lipu ililia kama ngoma nilipoigonga kwa kidole. Nililijua kuwa ni doa la maji. Sikulijua kuwa ni la maji yapi. Sikutaka kulijua. Sikukuu ilikuwa karibu, fedha zilikuwa chache, na watu walikuwa wakikiulizia chumba. Nikanunua mfuko wa saruji na kopo la rangi ya mafuta. Nikabandua lipu iliyolegea, nikapaka saruji, nikapaka rangi mara mbili. Chumba kiling'aa. Nakumbuka nilisimama mlangoni nikaona fahari, kama mtu aliyefanya kazi njema.

Mpangaji mpya alikuwa bibi mmoja mjane, pamoja na mjukuu wake wa kiume mwenye umri wa miaka saba. Alikipenda chumba. Alitazama juu, akasema, "Mashaallah, mwanangu, umekitengeneza." Nami nikajibu, "Ndiyo, bibi." Maneno hayo mawili nimeyafikiri zaidi ya maneno yote niliyopata kusema katika maisha yangu. Je, yalikuwa uongo? Nilikuwa nimekitengeneza kweli, kwa maana moja ya neno. Lakini nilijua kwamba maana aliyoikusudia yeye siyo niliyoikusudia mimi, nikaziacha maana hizo mbili zipishane gizani bila ya kusalimiana.

Katika masika ya mwaka 2017, usiku, kipande cha dari kilianguka. Kilianguka juu ya kitanda, maana kitanda kilikuwa pembeni, mahali pa raha, mbali na mlango. Bibi alikuwa ameamka kwa sala. Mtoto alikuwa amelala. Mungu alimhifadhi kichwa chake, lakini mkono wake wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Uliunga, lakini haukunyooka sawa. Hata leo akiuinua huonekana kama tawi lililopindwa na upepo.

Asubuhi aliitwa fundi mwashi, mzee ambaye amezijua nyumba zile tangu ujana wake. Alipanda ngazi ya miti, akachokoa ncha ya boriti kwa kisu, na kisu kikazama kama katika muhogo uliopikwa. Akachukua ganda la saruji yangu mkononi, akaligeuza. Upande wa ndani ulikuwa umelowa, na rangi yake nyeusi. Akasema tu, "Ukuta huu ulizibwa pumzi." Kisha akaniuliza, "Juu ya hapa pana nini?" Nikamjibu kwamba pana msala wangu. Tukapanda. Chini ya ndoo yangu, mahali ambapo bomba la maji machafu huingia ukutani, palikuwa na ufa mwembamba katika sakafu, usioweza kupitisha hata ukucha. Hapo ndipo maji yalipokuwa yakipita kila siku kwa miaka. Bandu bandu huisha gogo. Hayakuwa maji ya mvua peke yake. Masika yalimaliza tu kazi iliyoanzwa na mimi. Yalikuwa maji niliyoogea, na maji niliyotawadhia alfajiri. Nilikuwa nikijisafisha juu, na usafi wangu ulikuwa ukishuka chini kuozesha dari ya mjane.

Sasa nalirudia swali. Nimefanya kosa gani?

Labda msomaji mwenye huruma atanitetea kwa hoja tatu, nami nimezijaribu zote kwa siku nyingi kabla hajazijaribu yeye.

Hoja ya kwanza ni ya nia. Atasema: hukukusudia dhara; hukujua kwamba boriti imeoza; na mtu hahukumiwi kwa asilolijua. Hoja hii ina nguvu, na katika mambo mengi ni ya haki. Lakini kuna kutojua kwa namna mbili. Mtoto hajui kwa kuwa hajafikia kujua. Mimi sikujua kwa kuwa nilisimama mlangoni mwa elimu nikaufunga mlango. Nilipoigonga lipu ikalia, ukuta ulikuwa ukinijibu swali ambalo sikutaka kuliuliza. Ujinga ambao mtu ameununua kwa kopo la rangi ni mali yake, na hawezi kuukana siku ya hesabu kama kwamba ameukuta njiani. Tena, rangi ile haikunificha tu mimi na ukweli. Iliuondoa ukweli ulipokuwa, ili mtu mwingine yeyote asiweze kuuona. Asiyejua bado aweza kusaidiwa na ajuaye. Aliyefunika amemzuia hata yule ambaye angaliweza kusaidia.

Hoja ya pili ni ya macho. Atasema: mpangaji ana macho, ni wajibu wake kukikagua chumba kabla hajakilipia, sokoni kila mtu hulinda kikapu chake. Nakubali kwamba ana macho, lakini macho huona rangi. Yako masimulizi mashuhuri katika mapokezi ya Kiislamu yanayolihusu jambo hili kwa karibu sana, mpaka nikiyakumbuka huona haya. Inasimuliwa kwamba Mtume Muhammad alipita penye chungu ya nafaka iliyokuwa ikiuzwa, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta majimaji. Akamwuliza mwenye nafaka sababu yake. Akajibu kwamba imenyeshewa na mvua. Ndipo akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona. Akaonya kwamba mwenye kughushi hana nafasi katika umma wake. Yafaa tulitazame jambo hili vizuri. Mtu yule hakulaumiwa kwa mvua, kwa maana mvua ni ya Mungu. Hakulaumiwa hata kwa kuuza nafaka iliyolowa, kwa maana huenda yuko mtu angaliinunua kwa bei yake. Alilaumiwa kwa mpangilio: kikavu juu, kilicholowa chini. Nami nilifanya mpangilio ule ule kwa rangi ya mafuta. Wanasheria wa Kiislamu, waliompa mnunuzi haki ya kurudisha kitu kwa aibu iliyofichwa, hawakuyadharau macho ya mnunuzi. Walijua kwamba mwuzaji ndiye aliyelala na kitu chake na kuamka nacho, na kwa hiyo ndiye anayejua.

Hoja ya tatu ni ya umaskini, na hii ndiyo iliyo ngumu. Kutengeneza nyumba ya mawe ni ghali. Boriti njema ni adimu, chokaa iliyozimwa vizuri yataka miezi, mafundi waliorithi kazi hiyo ni wachache, na warithi wa nyumba moja waweza kuwa wengi waliotawanyika, kila mmoja na fungu lake dogo na shauri lake kubwa. Ni nani awezaye kumlaumu mtu kwa kutofanya asichokimudu? Mimi simlaumu. Lakini hoja hii inajibu swali ambalo halikuulizwa. Umaskini wangu ulinizuia kutengeneza, haukunizuia kusema. Kusema hakununuliwi dukani. Kwa kweli kopo la rangi lilikuwa na bei, na ulimi wangu haukuwa na bei. Basi nilitoa fedha ili nisiseme. Hapo ndipo nilipotambua kwamba udhuru wa umaskini, ulio wa kweli kabisa kwa kuchelewa kutengeneza, ni wa uongo kabisa kwa kuficha. Yatupasa tuyatenge mambo haya mawili kila wakati, katika nyumba na katika nchi: kutoweza kuponya si dhambi, kujifanya hapana ugonjwa ni jambo jingine.

Lakini hoja zote hizi zilinijia baadaye. Aliyenifundisha kosa langu ni bibi mwenyewe. Nilimfuata hospitalini alipokuwa ameketi pembeni ya kitanda cha mjukuu wake. Nilikwisha kutunga maneno ya kuomba radhi, maneno mengi. Nikamwambia kwamba nililiona doa kabla hajahamia, nikalipaka rangi. Alinyamaza kitambo. Hakupandisha sauti. Akasema, "Mwanangu, ungeniambia, ningesogeza kitanda."

Sijapata kusoma katika kitabu cha falsafa sentensi iliyobeba mzigo mkubwa kuliko huo. Bibi hakusema kwamba ningemwambia angekikataa chumba. Hakuwa na chumba kingine. Hakusema kwamba angenidai nitengeneze. Alijua hali yangu. Alisema kwamba angefanya jambo dogo lililokuwa katika uwezo wake, jambo ambalo halikugharimu kitu, nalo lingeuokoa mkono wa mtoto. Mimi nilidhani nimemficha doa. Kumbe nilimnyang'anya uwezo wa kujilinda. Hapa ndipo lilipo kosa nililolitafuta. Mtu anayeficha hatari huwa amejifanya msimamizi wa maisha ya mwenziwe bila ya kupewa usimamizi huo. Amemwamulia mahali pa kulala. Masikini ana mali chache. Akili yake ya kuchagua, hata kama machaguo yake ni mawili tu, pembe hii ya chumba au pembe ile, ni katika mali yake ya thamani. Anayemwibia hiyo amemwibia sana.

Liko jambo la pili nililojifunza, nalo lahusu ngazi. Katika nyumba yenye ghorofa, maji hushuka na habari hazipandi. Aliye juu aweza kuishi miaka kumi bila ya kuona athari ya ufa uliomo chini ya ndoo yake, maana kwake sakafu ni kavu. Maji yakipotea ufani huona kwamba yameondoka vizuri. Dhara liko kwa aliye chini, na chanzo kiko kwa aliye juu, na kila mmoja ana nusu ya ukweli. Wa chini huona doa asione ufa. Wa juu hukaa na ufa asione doa. Hapana mmoja kati yao awezaye kujua peke yake. Sharti mmoja apande au mmoja ashuke. Nami nasema kwamba haki yataka ashuke aliye juu, kwa sababu mbili. Kwanza, maji ni yake. Pili, aliye chini akipanda hupanda kama mwombaji, na waombaji huogopa kusumbua. Mpangaji wangu wa kwanza, yule aliyehama, hakuniambia neno lolote juu ya doa, akaondoka nalo moyoni. Sikumwuliza. Nadhani aliona kwamba malalamiko yake yangegeuka kuwa sababu ya kuongezewa kodi.

Ukilitazama jambo hili kwa mapana utaona kwamba karibu kila mtu yuko juu ya mtu. Mkubwa wa ofisi yuko juu ya karani, mwenye gari yuko juu ya mwenda kwa miguu, kizazi cha leo kiko juu ya kizazi cha kesho. Maji yetu hushuka. Aghalabu si maji ya uovu. Ni maji ya kuogea tu, mambo ya kila siku tunayoyafanya kwa nia safi. Kwa hiyo mtu hawezi kujitosheleza kwa kuuchunguza moyo wake na kuukuta hauna chuki. Moyo wangu haukuwa na chuki na bibi yule hata chembe. Dhamiri itazamayo ndani peke yake ni kama mtu aangaliaye sakafu yake na kuiona kavu. Sharti iwe na miguu pia. Ishuke ngazi, ibishe hodi, itazame dari ya mwenziwe.

Hapa yawezekana msomaji ataona kwamba nimelifanya doa la msalani kuwa kubwa mno. Basi na tuitazame nyumba kubwa kuliko yangu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 katika zama za Sayyid Barghash, ilikuwa fahari ya mji wote, na mnara wake ulionekana na wasafiri kabla hawajaiona nchi kavu vizuri. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na jumba hilo lilikuwa uso wake. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ilipokuwa ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara, na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba maji peke yake ndiyo yaliyoliangusha. Jengo kubwa huwa na sababu nyingi, na kuzipima ni kazi ya wahandisi. Nasema kwamba jengo lile halikuwa na adui aliyekuja usiku na shoka. Uzee wake ulikuwa ukionekana mchana kweupe kwa miaka mingi, na wengi wetu tulipita mbele yake tukapiga picha.

Tena nyumba nyingi za mji huo zina shida ya wenyewe. Nyingine ni za wakfu, zilizotolewa na watu waliokwisha kufa kwa manufaa ya watu wasiokwisha kuzaliwa. Nyingine zilitwaliwa na serikali baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, zikagawiwa watu waliokuwa hawana makao. Hilo lilikuwa kwao kheri kubwa, lakini walipewa vyumba, hawakupewa paa. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, na paa lilikuwa la wote. Na cha wote mara nyingi hukosa mwenyewe. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji, na majengo kadhaa yameokolewa. Hata hivyo hapana mamlaka iwezayo kukaa katika kila msala na kuutazama kila ufa. Ulinzi wa kwanza wa nyumba ni jicho la aishiye ndani yake, na ulimi wake.

Hapa lazuka swali la mwisho: je, aliye mpangaji, au mrithi wa fungu dogo, ana wajibu gani kwa kitu ambacho si chake? Mimi naona kwamba tumekosea kuifunga fikira ya wajibu katika fikira ya umiliki. Nyumba ya mawe huishi kuliko mwenye nyumba. Aliyeijenga hayupo, na atakayeirithi hajazaliwa. Sisi tuliomo twapita kati yao kama abiria katika jahazi. Abiria si mwenye jahazi, lakini akiona maji yanaingia hakai kimya akingoja nahodha. Neno letu la amana ladhihirisha jambo hili vizuri kuliko neno la mali. Mali ni kitu ninachoweza kukifanyia nipendavyo. Amana ni kitu kitakachoulizwa habari zake.

Nisije nikamwacha msomaji bila ya kumweleza mwisho wa chumba. Tulianza kwa chanzo, si kwa doa. Sakafu ya msala ilivunjwa, bomba likabadilishwa, na ufa ukazibwa kuanzia ndani. Saruji yangu yote ilibanduliwa ukutani. Kisha fundi akatuambia tusifanye kitu, tungoje. Hilo lilikuwa gumu kuliko gharama. Ukuta ulioachwa wazi, mbaya kwa macho, ulikaa miezi ukitoa maji yake. Ukawa na unga mweupe wa chumvi, tukaupangusa kwa ufagio mkavu, ukarudi, tukaupangusa tena. Fundi alisema kwamba ukuta uliolowa kwa miaka haukauki kwa wiki, na anayeuharakisha atarudia kazi. Nilijifunza hapo kwamba kutengeneza kuna wakati wa uchi, wakati ambapo kitu huonekana kibaya kuliko kilivyokuwa kilipofichwa, na watu wengi hukimbilia rangi kwa sababu hawawezi kuvumilia wakati huo. Baadaye zikaingia boriti mpya, yakapangwa mawe, ikapakwa chokaa, na juu yake hatukupaka rangi ya mafuta bali chokaa nyembamba nyeupe, ambayo haiwezi kuficha unyevu hata ikiombwa. Bibi alirudi chumbani. Gharama za matibabu ya mtoto nilizilipa kwa muda wa mwaka mzima, na kodi sikuipokea kwa kipindi hicho; lakini silihesabu jambo hilo kuwa malipo, maana mkono haulipiki.

Mwaka juzi, katika vuli, nilishuka ngazi kama ilivyo desturi yangu sasa kila mvua zinapoanza. Nikaona darini, upande wa dirisha, doa jipya lenye ukubwa wa sarafu. Pengine lilikuwa si kitu. Nilihisi mkono wangu ukitamani rangi. Tamaa hiyo haijafa, na sidhani kwamba itakufa. Nikasema, "Bibi, tazama pale. Sijui bado ni nini, lakini maji yameingia." Akatazama, akamwita mjukuu wake, ambaye sasa ni kijana. Wakakishika kitanda, mmoja kichwani na mmoja miguuni, wakakisogeza. Kisha bibi akaniambia niketi ninywe kahawa, nami nikatuma mtu kwenda kumwita fundi.